Kebo ya Baofeng haisomi redio kwenye kompyuta, nimekwama huku Lamu, naombeni msaada

mlamu_hewani, Lamu

Assalaam alaykum na hamjambo jamani, wakubwa shikamooni. Nna redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R na kebo yake ya kuprogramia, ile yenye USB upande mmoja na upande wa pili plagi ya pini mbili, nene na nyembamba. Nataka kuingiza chaneli kwa CHIRP, ile programu ya kompyuta ya kuprogramia redio, lakini nikibonyeza isome kutoka redioni inakaa sekunde kadhaa halafu inaniandikia "Radio did not respond" basi, hapo ndo mwisho. Laptopu yangu ni Windows 11, nikifungua Device Manager pale kwenye Ports naona alama ya njano na badala ya jina la kebo kuna maneno haya, PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012. PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER. Sasa huyo muuzaji nitampata wapi, kebo ilikuja kwa boksi kutoka Mombasa na risiti haina hata namba ya simu.

Kinachonichanganya zaidi ni hiki. Nimeazima laptopu ya binamu yangu, Windows 10 ya zamani, hiyo haina alama ya njano hata kidogo, inaandika Prolific na COM4, yaani namba ya mlango wa kebo, safi kabisa, nikaweka CHIRP nikachagua COM4 nikachagua Baofeng na UV-5R, jawabu ni lile lile redio haijibu. Kwa hivo sijui kibovu ni kebo, ni redio, ni kompyuta ama ni hii chumvi ya huku kwetu. Redio ni nzima, nazungumza na mwenzangu aliye Shela tunasikizana vizuri, sote wawili tuna leseni ya CA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Nnachotaka ni chaneli za ISS, ile stesheni ya anga. Kuna vijana hapa mtaani wanakuja barazani jioni kusikiliza redio na wamenishika kweli kweli kuhusu ISS, na ikipita masafa yanahama kila dakika, nataka chaneli ziwe zimepangika mapema nibonyeze mshale tu. Nisaidieni.

---

bi_mawimbi, Malindi

Waalaykum salaam mdogo wangu, marahaba. Usiitupe kebo bado na usimlaumu redio. Hapo una magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na ndo maana unazunguka, ukilitibu moja la pili linakurudisha pale pale na CHIRP inakupa maneno yale yale kwa yote mawili. CHIRP haioni kebo wala haioni plagi, inachojua ni kwamba imetuma salamu na hakuna aliyeitikia. Kwa hivo ligawanye jambo nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kompyuta mpaka kwa ile chipu iliyo ndani ya kichwa cha USB. Nusu ya pili ni kutoka kwa chipu mpaka ndani ya redio. Redio iweke kando kabisa, hata usiiwashe, mpaka nusu ya kwanza iwe imethibitika, watu wengi wanahangaika wiki nzima na redio ilhali kompyuta haijaiona kebo.

Sasa soma hayo uliyoyaandika kwa mpango huo. Kwenye laptopu yako nusu ya kwanza imekufa, hiyo alama ya njano ndo ushahidi. Kwenye ya binamu nusu ya kwanza inaelekea ni nzima, COM4 iko, kwa hivo pale kosa liko nusu ya pili. Hivo ndo nimejua ni mawili.

Tuanze na chipu. Redio hizi hazizungumzi USB, zinazungumza siriali, tena polepole, biti 9600 kwa sekunde, na chipu kazi yake ni kugeuza lugha moja kuwa nyingine. Ukitaka kujua una chipu gani usiangalie boksi wala rangi ya kebo. Nenda Device Manager, bonyeza kulia juu ya hiyo kitu yenye njano, ingia Properties, halafu Details, halafu pale juu chagua Hardware Ids. Ukiona VID_067B na PID_2303 ni Prolific au inayojiita Prolific. VID_1A86 na PID_7523 ni CH340. VID_0403 na PID_6001 ni FTDI. VID_10C4 na PID_EA60 ni CP210x ya Silicon Labs. Yako itakuwa ya kwanza, maneno yake yanajitangaza.

Kisa cha Prolific ni kirefu, nakifupisha. Ni kampuni ya Taiwan, chipu yao ya PL2303 ya aina za zamani ilienea dunia nzima na ikanakiliwa vibaya sana, kebo nyingi za bei ya chini zina nakala ndani yake. Kampuni ikaamua draiva zake mpya, yaani zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuzungumza na chipu, zikague chipu, zikikuta ni nakala au ni aina iliyoachwa kutengenezwa basi zinakataa kufanya kazi. Kwa wengine inaandika Code 10, kwa wewe imeandika hayo ya 2012. Chipu yako huenda haina ubaya wowote kwa kazi hii, draiva tu ndo imefunga mlango. Laptopu ya binamu bado ina draiva ya zamani isiyokagua, na ndo maana kule ilipita.

Dawa ni kurudi kwenye draiva ya zamani. Inayojulikana na wengi ni namba 3.2.0.0, ya mwaka 2007. Ukishaiweka kwenye kompyuta kazi haijaisha, maana Windows itaendelea kushikilia ile mpya. Kebo ikiwa imechomekwa, rudi Device Manager, bonyeza kulia, Update driver, usichague itafute yenyewe, chagua Browse my computer, halafu ile ya chini Let me pick from a list, hapo utaona draiva za Prolific zimepangwa kwa namba na tarehe, chagua 3.2.0.0 na Next. Njano ikiondoka na namba ya COM ikatokea, nusu ya kwanza imepona. Kumbuka mambo mawili hapa. Ukichomeka kebo kwenye tundu jingine la USB Windows inaweza kuiona ni kitu kipya na kurudisha draiva mpya, kwa hivo chagua tundu moja ubaki nalo. Na siku kompyuta ikijiapdeti yenyewe njano ikirudi, usishangae, fanya tena hivo hivo.

Nakwambia kwa moyo kabisa, kinachoniuma kwenye mambo haya ni kwamba anayeumia ni mnunuzi ambaye hana njia ya kujua. 2014 draiva fulani ya FTDI ilitoka na ikawa inabadilisha namba ya utambulisho ya chipu za nakala kuwa sufuri, kebo za watu zikawa hazitambuliki hata ukizipeleka kompyuta nyingine. Mtu wa Kizingitini au Marafa atajuaje kama kebo yake ina nakala? Kwa hivo nikinunua siku hizi naulizia chipu kabla ya bei, na muuzaji asiyejua nampita.

Kama una kompyuta ya Linux badala ya Windows, karibu yote haya huyahitaji, kerneli ina draiva za chipu zote nne na haimkagui mtu. Chomeka, andika dmesg, utaona ttyUSB0. Ikikataa kwa ruhusa jiingize kwenye kundi la dialout, sudo usermod -aG dialout $USER, utoke uingie tena. Na mwenye CH340 kwenye Ubuntu 22.04 akiona ttyUSB0 inatokea halafu inapotea, ni programu iitwayo brltty inaidaka ikidhani ni kifaa cha maandishi ya vipofu, aiondoe ikiwa nyumbani hakuna anayeitumia.

Nusu ya pili namwachia fundi wa Shela, yeye hizo plagi amezishika kwa mikono kuliko mimi.

---

fundi_wa_shela

Ahsante Bi Mawimbi, umemaliza upande wako mimi sina la kuongeza.

Kijana, hiyo ya COM4 safi na redio kimya mimi naiweka kwa plagi haijafika mwisho. Zinakuja kwangu hapa kila mara na nyingi ni hilo hilo. Chukua redio yako uangalie ubavuni, fungua kifuniko cha raba, utaona matundu mawili, la juu na la chini, moja la pini ya milimita 3.5 na moja la 2.5. Sasa angalia matundu hayo yameingia ndani kidogo ya ganda, hayako sawa na uso wa redio. Plastiki ya plagi yako ikiwa nene au ina ukingo, inagota kwenye ganda kabla pini hazijafika chini. Kwa macho unaona imeingia, hata ukivuta imekaza, lakini imebaki kama unene wa kucha na huo unene ndo unaokata waya za data. Na kile kifuniko cha raba nacho kinabanwa katikati, kizungushe kabisa kiwe nyuma.

Namna ya kujua bila kompyuta. Washa redio, ongeza sauti, bonyeza na ushikilie kile kitufe kidogo chini ya PTT, yaani kitufe cha kurushia, utasikia mvumo shhhh kwenye spika. Sasa chomeka plagi na ubonyeze tena. Mvumo bado unatoka kwenye spika ya redio? Plagi haijafika. Umekatika? Angalau pini imegusa swichi ya spika, japo hiyo pekee haithibitishi kwamba pini zote zimekaa. Dalili nyingine, ukichomeka taa nyekundu ikawaka yenyewe kama umebonyeza PTT, chomoa haraka, plagi imekaa nusu na imegusisha waya wa PTT, redio inarusha hewani bila wewe kutaka. Ndo maana mimi huacha antena imefungwa wakati wa kuprogramu na nguvu naiweka chini.

Tiba yake ni wembe. Usikate pini wala usiguse waya, chonga ukingo wa plastiki kuzunguka pale pini zinapotokea, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, mpaka usikie tik. Hiyo tik unaihisi kidoleni kabla hujaisikia. Wengine wanachonga ganda la redio, mimi sikubaliani na hilo kabisa maana maji na mchanga vitapata njia na redio za huku zinaishi na vyote viwili.

Kuhusu chumvi uliyouliza, ipo na si kidogo. Angalia pini kwa mwanga wa jua, ukiona ukijani au madoa meusi futa kwa pamba na spiriti ya asilimia kubwa, yenye maji mengi haifai. Isiposafika tumia raba ya penseli. Msasa usitumie, hiyo rangi ya dhahabu ni utando mwembamba, ukiutoa kutu inaingia kwa kasi. Na matundu ya redio usitie mafuta ya kupikia wala ya mashine jamani, nimezikuta humo.

Halafu mpango wenyewe, CHIRP inauonyesha kabla ya kusoma lakini watu wanabonyeza tu OK. Redio izimwe kwanza. Chomeka kebo. Hakikisha imekaza. Washa redio na sauti peleka mpaka mwisho, baadhi zinataka hivo. Iweke kwenye chaneli ambayo hakuna mtu anazungumza. Ndo ubonyeze. Hapo pa chaneli tulivu usipapuuze, mazungumzo yakiingia katikati ya kusoma inavurugika.

---

baharia_faza

Salaam wazee wangu. Mimi sijaja na jawabu nimekuja na maswali nisamehewe. Redio yangu ni hiyo hiyo UV-5R lakini betri ina tundu la USB-C kwa chini, si nichomeke waya wa simu tu moja kwa moja kwa kompyuta niachane na hizi pini? Na pili, nikiweza kuprogramu naomba mnipe namba ya chaneli ya vyombo, nataka niiweke nizungumze na wenzangu tukiwa nje ya Kiwayu.

---

fundi_wa_shela

Wa Faza salaam. Tundu la betri ni la chaji peke yake, halina waya wa data hata mmoja uendao redioni, kompyuta haitaona kitu. Pini mbili ndo njia.

La pili nakwambia kama ndugu. Chaneli 16 ya bahari ni 156.800 MHz na hiyo ndo ya dharura na kuitana, lakini UV-5R haikuidhinishwa kuwa redio ya chombo, usirushe huko. Haizuii maji pia, wimbi moja tu na mazungumzo yameisha. Tafuta redio ya VHF ya bahari hata iliyotumika, zipo zinazoelea zikianguka. Mimi nimeona watu wanategemea hizi za mkononi msimu wa kusi na moyo wangu hautulii. Ukitaka isirushe hata kwa bahati mbaya, kwenye CHIRP ile safu ya Duplex ichague off, hapo ukibonyeza PTT redio inakataa kutoa mawimbi.

---

mlamu_hewani, Lamu

Mashallah jamani. Niwape habari kwa mpango wa Bi Mawimbi. Nusu ya kwanza, Hardware Ids imesema VID_067B na PID_2303 kama alivosema dada. Nimeiweka 3.2.0.0 na kuichagua kwenye ile orodha, njano imeondoka, sasa ni COM5. CHIRP ikajaribu, redio haijibu, na hapo sikuwa na wasiwasi tena maana nilijua tumebaki na upande mmoja tu.

Nusu ya pili, nimefanya jaribio la mvumo la fundi. Plagi ndani, nabonyeza kitufe, shhhh inatoka kwenye spika kama kawaida! Na nikiisukuma kwa nguvu ya dole gumba mvumo unakatika, nikiachia unarudi. Nimechukua wembe nimechonga ule ukingo, plagi yangu ilikuwa na mdomo wa plastiki umezunguka pini zote mbili, nimeuondoa wote upande wa juu na kidogo chini. Tik nimeihisi kweli. Nimezima redio, nimechomeka, nimewasha, sauti mwisho, nimebonyeza, na mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye skrini mpaka mwisho na jedwali likafunguka, chaneli 0 mpaka 127. Jaribio la mvumo sasa spika iko kimya bila kuisukuma.

Fundi swali dogo, ile laptopu ya binamu na plagi iliyochongwa nayo imesoma vile vile. Kwa hivo kebo yenyewe haikuwa na ubovu?

Na sasa nimefika kwenye ISS yenyewe, nikiangalia hizo safu za CHIRP sijui Duplex naweka nini, kusikiliza ni UHF (MHz 437) na kurusha ni VHF (MHz 145), tofauti yake si ya kawaida.

---

fundi_wa_shela

Waya wake ni mzima. Umbo la plagi na redio yako tu hayakukutana. Iandikie alama kwa kalamu isichanganyike na nyingine.

---

mzee_wa_antena, Malindi

Kijana wangu, nimefuatilia kimya kimya na nimefurahi mno. Nikueleze ya ISS kwa kirefu kidogo maana hapo ndipo raha yenyewe.

Ripita ya sauti ya ISS, yaani redio inayopokea sauti yako na kuirusha tena, unaisikiliza kwenye 437.800 MHz na kuirushia kwenye 145.990 ukiwa na toni ya 67.0, mlio wa chini unaoifungua ripita. ISS inakwenda kama kilomita 28,000 kwa saa, sasa ikija kwako mawimbi yanabanwa na unayasikia juu zaidi, ikishakupita yanavutika na unayasikia chini. Kwenye 437 tofauti inafika karibu kilohazi 10 kila upande, kwenye 145 inafika kama 3 na ushei tu. Kwa hivo kurusha unaacha 145.990 siku zote, FM itavumilia. Kusikiliza ndo unapanga tano. Ya kwanza 437.810 ikichomoza, halafu 437.805, katikati 437.800 ikiwa juu yako, halafu 437.795, mwisho 437.790 ikizama. Zipe majina ISS1 mpaka ISS5 na uziweke zifuatane ili mshale ushuke nazo.

Kwenye CHIRP, Frequency ni ya kusikiliza. Duplex chagua split, ukichagua hiyo safu ya Offset haiwi tofauti tena, inakuwa masafa kamili ya kurusha, andika 145.990. Tone Mode weka Tone, na Tone iwe 67.0. Usiweke TSQL, ukiiweka redio yako itangoja toni kutoka juu na utakaa kimya ukidhani hakuna mtu. Mode iache FM. Skwelchi ya redio, ile inayozima mvumo pasipo na ishara, iweke sufuri, ishara za mwanzo na za mwisho ni dhaifu na skwelchi itazimeza, vumilia mvumo.

Ongeza na chaneli ya sita ya kusikiliza tu, 145.800, Duplex off. Hiyo ndo wanaanga wanayotumia wakizungumza na skuli za dunia, na picha za SSTV nazo hushuka hapo hapo, vijana wako watapenda wakiona picha inajichora kwenye simu kutokana na sauti. Na usivunjike moyo ukikuta ripita kimya, huizima wakati chombo kinapojifunga huko juu au wanaanga wanapotoka nje, na kuna nyakati redio ile ile inafanya kazi ya pakiti, yaani ujumbe wa data, kwenye 145.825.

Ikipita juu sana unapata kama dakika kumi kutoka upeo hadi upeo, zile za pembeni ni fupi zaidi na kwa antena fupi iliyokuja na redio utasikia vipande tu. Chagua zile zinazopanda nyuzi 30 na zaidi. Wewe Lamu una bahati ya upeo wa bahari upande wa mashariki, panda juu ya dari ama nendeni ufukwe wa Shela ambako nyumba hazikuzuii, na antena usiisimamishe wima, ilaze na uigeuze geuze mkono mpaka sauti ipande. UV-5R haiwezi kusikiliza na kurusha kwa pamoja kwa hivo hutajisikia unavyorudi, rusha kwa ufupi, taja ishara yako ya wito na mahali, ngoja. Wengine wanagombea dirisha hilo hilo na mtu wa 5Z4, yaani ishara ya wito ya Kenya, atasikika na kutafutwa, kwa hivo usikae muda mrefu kwenye kitufe.

Nakwambia haya na moyo umejaa. Sisi hapa Malindi tuko jirani na Ngomeni, pale kwenye jukwaa la baharini la Waitaliano ilirushwa setilaiti ya San Marco 2 mwezi wa Aprili 1967, na tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wetu, ikarushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina la Uhuru. Kutoka maji haya haya mnayovua. Watoto wa pwani hii hawapaswi kuona anga ni mambo ya wengine. Wakae karibu na redio, waishike wenyewe.

Na kebo ikikugomea siku nyingine, chaneli hizi zinaingia kwa mkono. Weka redio kwenye hali ya masafa, laini ya juu, zima TDR, ile ya kusikiliza masafa mawili kwa zamu, kwenye menyu 7. Andika 437810, menyu 13 weka toni 67.0, halafu menyu 27 chagua chaneli uhifadhi. Toka, andika 145990, rudi menyu 27 chaneli ile ile uhifadhi tena. Mara ya kwanza inashika kusikiliza, ya pili inashika kurusha. Ni kazi ya vidole lakini haihitaji Windows wala wembe.

---

mlamu_hewani, Lamu

Shikamoo mzee na ahsante sana, hilo la Offset kuwa masafa kamili ndo lilikuwa limenifunga. Nimeandika zote sita kwenye jedwali sasa hivi. Kabla sijazirudisha redioni, kuna la kuogopa? Jamaa mmoja hapa Mkomani anasema redio inaweza kufa ukiandika vibaya na mwenzangu wa Shela ameshaniomba nimpe faili langu aitie kwake.

---

bi_mawimbi, Malindi

Lipo la kuheshimu. Hilo jedwali la kwanza lililosomwa, kabla hujagusa kitu, ulilihifadhi? Kama bado, fungua upya, soma kutoka redioni, na File halafu Save As, lipe jina la redio na tarehe, ni faili la .img na ni dogo sana, liweke pia kwenye simu au jitumie kwa barua pepe. Hiyo ndo picha ya redio yako ilivokuwa na ukiharibu chochote unairudisha hiyo.

Faili lako usimpe mwenzako alitie moja kwa moja. Ndani ya .img hamna chaneli tu, kuna mipangilio mingine ya redio, na UV-5R mbili zilizofanana kwa nje zinaweza kuwa na programu tofauti ndani. Mwambie asome yake kwanza kwa kebo yako, ahifadhi, halafu kwenye CHIRP mfungue mafaili yote mawili, nakili zile safu sita kutoka kwako ubandike kwake, ndo aandike redioni. Inachukua dakika chache na hakuna kinachovurugika.

Wakati wa kuandika betri iwe imejaa, na mkishabonyeza msiguse plagi wala kebo mpaka mstari ufike mwisho, kwa hiyo plagi ya kuchongwa ilaze redio kitandani au mezani waya usiwe unaning'inia kwa uzito wake. Redio itajizima na kujiwasha yenyewe ikimaliza, ni kawaida. Halafu chomoa, kiweke kifuniko cha raba mahali pake, na ujaribu ISS3 kwanza kwa kubonyeza PTT sekunde moja kwa nguvu ya chini, kioo kinapaswa kuruka kutoka 437.800 kwenda 145.990, kikibaki 437 rudi ukaangalie safu ya Duplex.